Milo Mitatu ya Bibi Nyamizi

Usiku ule nililala nimeitandaza suruali ya suti chini ya godoro ili ipate mstari, maana pasi yangu ilikuwa imeungua na asubuhi yake nilikuwa nakwenda kusaini ajira ya kudumu. Nawaambia hivyo mjue kwamba nililala nikiwa mtu wa furaha. Sikuwa mgonjwa, sikunywa kitu, sikula kiporo. Watu wanapenda kusema ndoto mbaya zinaletwa na tumbo. Tumbo langu lilikuwa salama kabisa. Kisichokuwa salama kilikuwa kwenye kompyuta za ofisini, na mimi ndiye niliyekiweka.

Ngoja kwanza niwaeleze, msije mkapotea njiani. Mimi nilisomea takwimu. Kijijini kwetu ukisema hivyo wanakuuliza, "Ndiyo ualimu?" Aliyekuwa na jibu ni bibi yangu peke yake: "Mume wangu anasomea kuhesabu watu." Bibi Nyamizi, mama mzaa baba, ndiye aliyenilea. Kama mabibi wengi wa kwetu aliniita mume wake, nami nikimwita mke wangu, tunataniana hadharani mpaka majirani wanashika mbavu. Jina langu, Shukuru, sidhani kama aliwahi kulitamka. Alifariki nikiwa mwaka wa pili chuoni. Baba mdogo alinipigia simu nikamwambia, "Subirini kidogo, kesho nina mtihani." Hawakusubiri. Alizikwa saa nane mchana, na saa nane mchana mimi nilikuwa ukumbini nafanya mtihani wa hesabu za uwezekano. Nilipata alama ya juu kuliko darasa zima.

Nilipohitimu nilizunguka na bahasha ya vyeti zaidi ya mwaka. Halafu nikapata kazi ya muda, udadisi katika utafiti wa kaya. Mdadisi anapewa orodha ya kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu na kishikwambi chenye dodoso ndani yake, anakwenda mlango kwa mlango anauliza. Kaya ikishachaguliwa haibadilishwi. Iwe juu ya mlima, unapanda. Na kuna sheria moja tuliyoimbishwa kwenye semina kama watoto wa chekechea: andika ulichoambiwa, usiandike unachodhani.

Katika kijiji cha mwisho, kaya yangu ya kumi na nne ilikuwa ng'ambo ya korongo. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, korongo limejaa, maji yanakwenda na matawi ya miti. Msimamizi wetu, Melkiori, kijana wa maneno matamu, alikuwa ameshapakia mizigo kwenye gari. Akanishika bega.

"Shukuru, kaya moja haiangushi nchi. Malizia hapo hapo tuondoke."

Nikakaa siti ya nyuma nikafungua dodoso. Sasa, kupika data si kazi rahisi kama mnavyodhani. Darasani tulifundishwa kwamba mtu akitunga majibu kichwani huyatunga yakanyooka mno, na wakaguzi wanamdaka. Kwa hiyo nikafanya ujanja wa kisomi. Sikutunga. Nilichukua nyumba ninayoijua. Mkuu wa kaya, mwanamke, mjane, miaka sabini na moja. Paa nusu bati, nusu nyasi. Mbuzi wawili. Kitanda kimoja cha kamba. Kila nilichokijaza kilikuwa cha Bibi Nyamizi, mpaka redio yake isiyo na betri. Nikafika kwenye swali la chakula: jana wanakaya walikula milo mingapi? Hapo kidole kilisita, nakiri. Nikaandika mitatu. Swali lililofuata: je, kuna mtu yeyote aliyefariki katika kaya hii? Nikaandika hapana. Nikatuma. Gari likaondoka, mimi nikasinzia.

Na mkaguzi alilipenda lile dodoso. Alisema majibu yake yanashikana, yana uhai. Katika wadadisi wote nikachaguliwa mimi. Kwa hiyo asubuhi ile Mama Sanga, mkuu wa ofisi yetu, alikuwa ananisubiri na mkataba. Pamoja na mkataba kulikuwa na karatasi moja ya kuapa kwamba kila kaya yenye jina langu niliifikia kwa miguu yangu. Niliisoma jioni, nikaona ni karatasi kama karatasi nyingine. Nikalala.

Nikajikuta ukumbini. Ukumbi ule ule wa mtihani, madawati yale yale ya mbao yenye majina ya waliofeli. Wenzangu wameinama wanaandika, kalamu zinasikika. Mimi nina karatasi moja tu mbele yangu, imelala kifudifudi, na sithubutu kuigeuza. Kuna mtu anapita katikati ya mistari kutusimamia. Anakwenda polepole, pekupeku. Naisikia miguu yake kabla sijamwona, ile miguu yenye magaga inayokwaruza sakafu, na moyo wangu unanienda mbio kwa furaha, jamani, kwa furaha, kwa sababu naijua.

Amevaa khanga ya zambarau, ile ya kanisani. Anakuja mpaka kwenye dawati langu. Anaigeuza karatasi. Si mtihani, ni dodoso la kaya ya kumi na nne. Bibi hakujua kusoma maisha yake yote, lakini kidole chake kilichopinda kinatua sawasawa kwenye mstari.

"Soma," anasema.

Nasoma. Milo mitatu.

"Iko wapi?"

Nikacheka. Hivi ndivyo tulivyozoeana, mimi nachekesha yeye anacheka. Nikamwambia, "Mke wangu, huo ni utafiti tu." Bibi yangu alikuwa akicheka hata nikipiga chafya. Safari hii hakucheka. Aliniangalia kama anavyoangaliwa mtu aliyekuja kudai kitu kisicho chake. Hapo ndipo hofu ilipoingia.

Madawati hayapo tena. Tuko jikoni kwake. Mafiga matatu, masizi, ule ungo uliotoboka. Ameketi kwenye kigoda, sahani ya bati mapajani, anasubiri. Mimi nimesimama na suti yangu mpya, na nainama kwa sababu paa la jikoni lilikuwa fupi siku zote.

"Kule nilikokuwa sikuwa na njaa, Shukuru," anasema. "Umeniandika niko hai."

Ameniita kwa jina. Sijui niwaeleze vipi lilivyoniuma jina langu mwenyewe kinywani mwake. Ningeona afadhali anipige.

Nikaanza kutafuta chakula. Nafungua chungu, kitupu. Nafungua mtungi, vumbi. Kwenye kona kuna mfuko wa salfeti, na nauona ule mfuko najua ni upi. Kila muhula alinitumia michembe kwa basi, viazi alivyovikata na kuvianika mwenyewe juani, mfuko umeshonwa kwa uzi wa katani. Wenzangu bwenini walikuwa na mikate na siagi. Nikaona aibu. Niliusukuma mfuko uvunguni mwa kitanda, ukaingia wadudu, nikautupa shimoni nyuma ya bweni. Muhula uliofuata ukaja mwingine, nao nikautupa. Nilimpigia nikamwambia, "Mke wangu, michembe yako tumeigombania hapa." Alifurahi sana siku hiyo.

Nafungua mfuko. Ni michembe yangu, yote, na wadudu wake wote. Bibi ananyoosha sahani. Namimina. Anakula. Hana meno upande mmoja, anatafuna upande wa pili, na nawasikia wale wadudu wakipasuka. Anakula mpaka wa mwisho, anaipangusa sahani kwa kidole.

"Wa kwanza," anasema. Ananyoosha sahani tena.

Hakuna kitu. Nina kishikwambi mkononi, basi naandika. Naandika wali. Sahani tupu, lakini bibi anapeleka mkono mdomoni, anatafuna. Naandika nyama. Anatafuna. Naandika maharage, maziwa, samaki, naandika vidole vinaniuma, naye anatafuna hewa huku macho yake yamenikazia. Na kila ninachoandika, anakonda. Mifupa ya mabega inatokeza kwenye khanga. Naona, na siachi kuandika, kwa sababu nimejiambia nikifikisha mitatu itakuwa kweli na ataondoka.

"Wa pili," anasema, kwa sauti nyembamba.

"Bibi, kila Jumapili nilikuwa nakupigia," nikasema. Nilianza kujitetea, mnaniona? Nimesimama jikoni kwa marehemu, najitetea. "Kila Jumapili nilikuuliza kama umekula. Ukasema umekula."

"Uliuliza kidole kikiwa kwenye kitufe cha kukata simu."

Ni kweli nilijua. Hakuna mtu mwenye akili ambaye angeweza kumsikia bibi yule, na sauti ile ya njaa ya kiangazi, akaamini amekula. Lakini ukiambiwa umeambiwa. Andika ulichoambiwa.

Kisha anasema, "Nibebe." Namweka mgongoni kama alivyonibeba mimi, na mgongo wangu ndani ya koti unahisi mbavu zake moja moja. Tuko korongoni. Maji ni yale yale, matawi ni yale yale, na nyuma yangu nasikia honi ya gari la Melkiori, inaniita. Naingia. Maji yanafika magotini, kiunoni, kidevuni. Miguu yake inaning'inia mbele yangu ndani ya maji, na nayaona magaga yake yakilainika.

Ng'ambo kuna nyumba. Mvua inanyesha. Nje ya nyumba, ukutani, amesimama mwanamke na watoto wanne, wameloa, wamebana chini ya kipande cha upenu kisichowatosha. Mlango uko wazi na ndani hakuna mtu, lakini hawaingii. Bibi anashuka mgongoni mwangu, anaingia, anakaa kitandani kwao.

"Hapa ndipo uliponiweka," anasema. "Wenyewe ni wale."

Yule mwanamke, nje, mvua ikimtiririka usoni, anamwamkia bibi yangu kwa adabu kabisa. "Shikamoo, mama." Kama mtu anayemkaribisha mgeni kwake. Na mtoto mmoja, wa kike, mdogo kuliko wote, mwenye sweta la kijani lililokatika mkono mmoja, anamvuta mama yake khanga na kuuliza, "Bibi anaondoka lini?"

Namgeukia mwanamke. Nataka kumuuliza wako wangapi, wanakula nini, nini kinawauma, maswali yote ninayoyajua kwa moyo. Nauliza. Anafungua mdomo kunijibu, na sisikii. Midomo inakwenda, anaeleza jambo refu, anaonyesha watoto mmoja mmoja kwa mkono, naona machozi yanachanganyika na mvua, na masikioni mwangu hamna kitu, isipokuwa honi ya gari.

"Nifute," anasema bibi kutoka kitandani.

Na mimi nikamjibu. Watu husema ndotoni mtu hana hiari. Mimi nilikuwa nayo, naikumbuka vizuri. Nikamwambia, "Bibi, nikikufuta nakosa kazi. Ngoja kesho nisaini kwanza."

"Hata siku ya kunizika ulisema ngoja."

Akaushika mkono wangu. Mkono wake ulikuwa wa moto, jambo ambalo sikulitegemea. Akakisogeza kidole changu taratibu kwenye kioo, mpaka pale penye neno Futa, na nikalihisi joto la kioo kwenye ngozi. Nikauchomoa mkono. Niliuvuta kwa nguvu, na bibi kizee yule mwenye mifupa akaangukia ukutani.

Hakulia. Alijiinua akalala chali kwenye kitanda cha watu, akafunua mdomo.

"Basi endelea kunilisha," akasema.

Mdomo ukabaki wazi. Ufizi, yale meno ya upande mmoja, ulimi uliokauka. Unasubiri mlo wa tatu. Nje wale watoto wanatetemeka, na mdomo hauna dalili ya kufungwa leo wala mwakani, na kishikwambi kiko mkononi mwangu kinawaka.

Nikaamka. Kumekucha, jogoo wa mwenye nyumba anawika juu ya bati. Nilikuwa nimeng'ang'ania shuka kwa mikono miwili, na kidole changu cha shahada kilikuwa kimekakamaa kwa kubonyeza godoro. Nikaitoa suruali. Mstari ulikuwa umetoka mzuri ajabu. Nikaivaa, nikalia kidogo nimekaa ukingoni mwa kitanda, kisha nikaenda ofisini.

Mama Sanga alikuwa ameweka karatasi zote mezani na kalamu juu yake. Akanipongeza. Sikukaa. Nikamwambia kaya ya kumi na nne sikuifikia, na kwamba Melkiori alijua lakini vidole vilivyoandika ni vyangu.

"Na huyu mjane ni nani?" akauliza.

"Ni bibi yangu. Marehemu."

Alivua miwani. Nadhani alitaka kunitukana akakosa tusi la kunitosha. Akaigeuza kompyuta upande wangu, akasema, "Mfute mwenyewe." Nikatafuta kaya, nikabonyeza. Mashine ikaniuliza, una uhakika? Mazishi ya bibi yangu sikuhudhuria. Yale ndiyo niliyoyahudhuria, nimesimama na suti, Mama Sanga ananiangalia. Nikabonyeza ndiyo.

Akaukunja mkataba mara mbili, akautia kwenye droo. "Kishikwambi utarudisha wiki ijayo," akasema. "Kabla hujarudisha, utakwenda kwenye hiyo kaya. Kazi huna tena, lakini maswali utauliza."

Nilikwenda. Miezi ilikuwa imepita tangu ile mvua, korongo lilikuwa mchanga mtupu, nikalivuka na viatu vyangu mguuni bila kulowa hata soli. Dakika chache. Nyumba niliikuta. Sitasema ilifanana na ile ya ndotoni, maana nyumba za kule zinafanana zote. Mwanamke wa makamo alikuwa anapasua kuni uani, watoto watatu wamekaa kwenye kivuli cha ukuta. Nikamwamkia, akaitika, akanifutia kigoda kwa khanga yake. Hakuniuliza kwa nini nimechelewa. Hakujua kwamba kuna siku nilipaswa kufika kwake.

Tulikwenda vizuri mpaka swali la chakula. Jana mlikula milo mingapi?

"Mitatu," akajibu haraka, akatabasamu, akaangalia pembeni.

Nikaangalia jiko. Kuku alikuwa amelala katikati ya mafiga, kwenye majivu, ametulia kabisa. Sheria naijua. Kidole kilikuwa tayari juu ya tatu. Nikakiondoa, nikaweka kishikwambi mapajani.

"Mama," nikamwambia, "bibi yangu alikuwa akinijibu hivyo hivyo."

Akawaangalia watoto, akaliangalia shoka lake.

"Andika mmoja," akasema. "Na huo ni wa watoto, mimi niliruka."

Nikaandika mmoja. Swali lililofuata lilikuwa lile la vifo. Sikuwa nimemaliza kulisoma alipoinuka, akaingia ndani, akarudi na sweta dogo la kijani lililokunjwa, akaliweka mapajani mwake akawa analipapasa sehemu mkono ulipokatika.

"Ungekuja wakati ule wa mvua, baba," akasema, "tulikuwa watano."